Krenki ya 1HZ ya boti yenye turbo: nichonge, nichomelee au nitafute nyengine?

mvuvi_wete
Assalam aleikum waungwana. Niko Wete, nna boti ya uvuvi imefungwa injini ya 1HZ ya Land Cruiser, ile 4.2 ya silinda sita, na mwenyewe wa mwanzo aliiongezea turbo maana kiwandani 1HZ haikuja na turbo. Kusi hii tulikuwa tunarudi kutoka upande wa Misali, boti imejaa barafu na samaki, maji yanatupinga, mara ikaanza kugonga chini na presha ya oili ikashuka, nikazima tukaja kuvutwa. Kufungua sampu, lile karai la oili chini, beringi ya konrodi (mkono wa pistoni) namba tano imekwisha mpaka shaba inaonekana, na pini yake, ile shingo ya krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) inayoshikwa na konrodi, ina mikwaruzo ukipitisha ukucha unanasa. Fundi wa hapa anasema ichomelewe halafu ichongwe irudi standadi, saizi ya kiwandani, wa Unguja anasema ichongwe tu iende twenty, saizi ndogo yenye beringi nene zaidi, na jirani yangu ananambia krenki ikishachongwa haibebi tena turbo ninunue iliyotumika ya Dubai. Turbo naitaka ibaki, bila ya hiyo nikipingwa na maji sifiki. Nishaurini.

karakana_saateni
Waaleikum salaam ndugu yangu. Kuchomelea usikubali kabisa kwa injini ya turbo. Moto wa chomeleo unapiga sehemu moja, krenki inapinda, na chuma kilichopo pembeni ya chomeleo kinakuwa kikavu ndo ufa unaanzia hapo. Kwa injini ndogo ya pampu ya shamba pengine itasukuma siku, kwa yako hapana.

Kuhusu hilo la jirani kwamba ikichongwa inadhoofika, hebu tupige hesabu. Twenty ni nusu milimita kwenye kipenyo, yaani robo kila upande. Nguvu ya pini kuhimili kupindwa inafata kipenyo mara tatu, kwa hiyo pini ya milimita 60 ukiitoa nusu unapoteza kama asilimia mbili na nusu tu. Hichi si kitu cha kuivunja krenki.

Kinachovunja krenki iliyochongwa ni kona, pale pini inapokutana na ukuta wa krenki. Kiwandani pale pana mviringo laini, na fundi mwenye jiwe lililochakaa au mwenye haraka anapaacha pamekatika kama pembe ya sanduku. Mzigo wote wa konrodi unakusanyika hapo. Ni kama muuza khanga anavyotia mkato mdogo wa mkasi kwenye pindo, akivuta doti lote linachanika kwa kufata mkato ule. Kwa hiyo ukienda kuipokea usiangalie pini inavyong'ara, chukua tochi, tia kidole kwenye kona zote, pini na meni (shingo zinazokaa kwenye bloku), usikie mviringo usio na mstari wala ngazi. Na mviringo usiwe mkubwa kupita ukingo wa beringi, beringi itapanda juu ya kona na kuliwa pembeni. Matundu ya oili nayo midomo yake ilainishwe, isiwe na makali.

Jengine, kabla ya kuchonga ipimwe ufa kwa sumaku na ule unga wake wa chuma. Pini iliyokimbia bila oili imepata moto mkali, inaweza kuwa na nyufa ambazo jicho halizioni. Ikionekana ufa kwenye kona, hiyo krenki basi tena, usimlipe mtu aichonge.

bint_chake
Naongeza kwa fundi wa Saateni. Ugumu wa juu muulizie pia. Krenki zilizotiwa ugumu kwa indaksheni, yaani moto wa umeme, ule ugumu unaingia ndani milimita kadhaa, ukichonga twenty bado umebaki. Zilizotiwa naitraidi tabaka lake ni jembamba sana, jiwe likipita linaondoka nalo, itabidi irudishwe tanurini. Naitraidi inafanywa kwenye nyuzi 500 na kitu, nitrojeni inaingia kwenye ngozi ya chuma, na kwa vile moto haufiki pa kubadilisha chuma cha ndani krenki haipindi sana. Faida yake si kwenye kuliwa tu, ile ngozi inakaa imejibana na ufa unapata tabu kuanza, na kwa injini iliyoongezewa nguvu mimi naona hiyo ndo pesa ya kutoa kabla ya kununua mapambo mengine. Ikitoka tanurini ipimwe unyoofu kwa dayo geji, ile saa ya kupimia, na ipigwe polishi tena, maana pini inavimba kidogo.

Ya Dubai usiinunue kwa macho. Hujui imebeba nini huko ilikotoka, hiyo nayo ipimwe ufa na saizi kama hii yako.

mvuvi_wete
Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Basi nnaipeleka Unguja ipimwe ufa kwanza. Beringi ninunue kabla au baada?

nahodha_mkoani
Kaka beringi zitangulie kwenye karakana. Mchongaji achonge kwa kufata beringi zilizopo mkononi, apime na konrodi ikiwa imefungwa kwa toki yake, nguvu ya kukaza bolti. Kanuni ya zamani ni nafasi baina ya pini na beringi iwe sehemu moja kwa elfu ya kipenyo, pini ya milimita 50 iwe kama 0.05, ila kitabu cha injini yako ndo cha mwisho.

Lakini mimi nna suali jengine, kwa nini ilikuwa namba tano? Hilo hujatwambia na ndilo litakalokurudisha hapa. Boti si gari, gari ikifika mteremko injini inapumua, boti propela inaibana tokea unang'oa nanga mpaka unatia. Kama propela ni kubwa kwa injini hiyo, inazunguka taratibu huku turbo inasukuma kwa nguvu, basi oili inaminywa baina ya pini na beringi na chuma kinagusa chuma. Angalia injini inafika mizunguko yake kamili ukikanyaga mwisho na boti imejaa, isipofika propela ipunguzwe. Angalia oili, ikiwa ina rangi ya chai ya maziwa basi maji yanaingia, kapime kipoza oili. Na dampa ya puli ya mbele, ile inayozuia mtikisiko wa krenki, mpira wake ukishakuwa mkavu krenki inajisokota bila ya wa kuizuia, tia mpya.

karakana_saateni
Suali zuri hilo shekhe. Namba tano, muangalie pia njia ya oili kutoka meni mpaka pini hiyo, pengine imeziba. Ikishachongwa vifuniko vya njia za oili vitolewe vyote, ipigwe brashi na dizeli mpaka kitambaa cheupe kitoke cheupe, vumbi la jiwe likibaki ndani beringi mpya hazifiki hata bahari ya pili. Na kwenye meli isije na pini zinazong'ara wazi, ipake grisi uifunge nailoni, hewa ya chumvi inatia kutu usiku mmoja tu. Ikifika nyumbani isimamishe wima, usiilaze.

mvuvi_wete
Oili nimeitazama sasa hivi, imeshakuwa nyeupe kwa chini. Kesho nakifungua kipoza.