Anajua masharti yote ya miguu lakini hayafuati: tufanyeje?

Mwana wa Kajulu (swali)

Hamjambo, wanajukwaa. Mzee wangu ana kisukari cha miaka mingi na huhudhuria kliniki hapa Kisumu bila kukosa. Dawa humeza kwa wakati, sukari hupima, ila suala la miguu amelipa kisogo. Ukimwuliza atakutajia yote aliyofundishwa, yaani kukagua nyayo kila siku, kukausha katikati ya vidole na kutotembea pekupeku, kisha dakika hiyo hiyo atavuka matope ya zizini bila viatu. Juzi nilimkuta akichonga sugu ya kisigino kwa wembe, akaniambia hauumi hata kidogo. Je, kwenu hali ni hiyo hiyo? Na mnamfanyaje mtu atekeleze anayoyajua tayari?

Muuguzi, Nakuru

Ndugu, hilo la kwamba wembe hauumi ndilo jibu lako. Sukari ikikaa juu kwa muda mrefu huharibu neva za miguu, na takriban nusu ya waliopatwa na hali hiyo hawana dalili yoyote wanayoitambua: hakuna ganzi wala mchomo wa kuwatahadharisha. Mtu asiyeumwa huona ushauri wetu kama wa watu wengine, hata akiukariri vizuri namna gani.

Badala ya kumhubiria, mpime akiwa amefumba macho. Mguse taratibu kwa ncha ya kidole chako, kwa sekunde 1 au 2, bila kusugua wala kubonyeza, kwenye ncha za kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu, naye aseme ni mguu upi umeguswa. Akikosa mara 2 au zaidi kati ya hizo 6, yaelekea hisia zimepungua, na anapaswa kupimwa kliniki kwa ule uzi wa nailoni wa gramu 10, unaobonyezwa kwenye unyayo kwa nguvu ya uzito huo kupima hisia. Nimeona wazee wakibisha mwaka mzima, kisha wakanyamaza walipogundua kuwa wameguswa na hawakujua. Mtu aliyepungukiwa hisia huchunguzwa miguu kila baada ya miezi 6 hadi 12 hata kama hana jeraha. Aliyewahi kupata kidonda huchunguzwa kila mwezi 1 hadi 3.

Wembe uondolewe leo. Sugu hupunguzwa na mhudumu wa afya.

Mwalimu mstaafu, Bungoma

Nami ni mgonjwa, kwa hiyo naomba nimtetee mzee kidogo. Tunaambiwa tukague nyayo, lakini mwenye goti bovu na macho hafifu atauonaje unyayo wake mwenyewe? Mimi huweka kioo sakafuni, na mke wangu hupitisha kidole katikati ya vidole vyangu kila jioni. Tunaambiwa tuvae viatu, ilhali shambani wakati wa masika patipati hubaki ndani ya tope. Buti za mpira zinafaa, mradi uvae soksi na uzikung'ute kwanza, kwa maana kokoto moja yatosha kumchimba asiyehisi kutwa nzima. Hata kliniki kwenyewe (nisemee ya kwangu tu) nimepimwa presha na sukari mara nyingi bila mtu kuniomba nivue viatu. Jambo lisilotazamwa na daktari, mgonjwa ataliona la maana kwa msingi gani?

Muuguzi, Nakuru

Mwalimu, lawama hiyo tunaistahili. Naongeza moja tu, kwa kuwa huku kwetu limeenea: kuloweka miguu katika maji moto yenye chumvi. Asiyehisi joto huungua bila kujua, na kuloweka kwenyewe hukausha ngozi ikapasuka. Anawe kwa maji ya uvuguvugu yaliyopimwa kwa kiwiko, akauke vizuri, apake mafuta kote isipokuwa katikati ya vidole. Kidonda chochote, hata kisichouma, kipelekwe hospitalini mara moja bila kungoja tarehe ya kliniki. Kikiwa na wekundu, joto, harufu au weusi, ni dharura.

Mwana wa Kajulu

Ahsanteni sana. Tumempima, amekosa mara 3, na yeye mwenyewe ndiye aliyedai turudie. Amekubali mjukuu amkague kila jioni, na kliniki tunakwenda wiki hii. Kilichobaki ni buti: nimezunguka soko la Kibuye nikakosa namba 11 zenye upana wa kutosha vidole visibanwe. Kuna anayejua zinakopatikana?