Kiti cha mtoto kwenye Noah: mbele au nyuma, na mbona kinacheza?

MamaWawili: Wakuu, habari za saa hizi. Nina mtoto wa miezi 9, kilo 8 na nusu, na kaka yake wa miaka 4. Gari ni Noah, eabegi (mifuko ya hewa inayofumuka gari likigonga) za mbele zipo. Naweza kumweka mdogo siti ya mbele, kiti kikitazama nyuma, ili nimwone nikiendesha peke yangu? Pili, nikikifunga kiti chake kwenye siti ya safu ya kati kwa mkanda wa gari kinacheza. Tatu, mkubwa ameanza kuvuta kitasa cha mlango wa pembeni.

Spana10: Dada, la mbele liondoe kabisa. Kiti kinachotazama nyuma kinaweka kichwa cha mtoto karibu na dashibodi. Eabegi ikifumuka inapiga mgongo wa kiti hicho, na nguvu yote inaishia kichwani na shingoni. Ndiyo maana kwenye kizuia jua kuna ile alama ya kiti cha mtoto iliyokatwa mstari. Akilia, paki pembeni kwanza ndipo umtazame.

Mweke siti ya safu ya kati, upande wa kushoto, umshushe mbali na magari yanayopita. Aendelee kutazama nyuma. Kanuni ya R129, ya Umoja wa Mataifa kuhusu viti vya watoto, inataka angalau miezi 15, na ukiweza kuzidisha, zidisha, mradi hajapita kipimo cha kiti.

Kucheza kuna sababu. Mikanda mingi ya gari hushika ikivutwa kwa ghafla tu; ikivutwa polepole inaachia. Kwenye viti vingi vya Ulaya alama za bluu ni njia ya mkanda kiti kikitazama nyuma, nyekundu kikitazama mbele. Pitisha mkanda usijisokote, chomeka, kandamiza kiti pale mkanda unapopita, vuta sehemu ya begani mpaka ulegevu uishe, kisha bana klipu ya kiti, yaani kibanio kinachoushika mkanda usiachie. Kama hakina klipu, vuta mkanda wa gari mpaka mwisho, uachie. Ukisikia tiktik mkanda unaporudi, mkanda umejifunga. Usiposikia, jaribu siti nyingine.

Pima kwa kushika penye mkanda, si kwenye kichwa cha kiti, na kutikisa. Kisisogee zaidi ya sentimita 2.5.

Kifungio: Naongezea mikanda ya mtoto mwenyewe, maana wengi hukosea hapo. Akitazama nyuma, itokee usawa wa mabega au chini kidogo. Kaza, kisha jaribu kufinya utepe begani: ukishika mkunjo, bado imelegea. Usimfunge akiwa ndani ya kanga au shuka nene; mfunge kwanza, mfunike juu.

Spana10: Mlango: ufungue, tazama ukingoni kuna kiswichi kidogo chenye picha ya mtoto. Kisukume upande wa kufunga, funga mlango, mtu ajaribu kuufungua kwa ndani huku gari limesimama. Kila mlango una chake. Kwa nje utafunguka kama kawaida. Bonyeza pia kitufe cha kuzuia vioo vya nyuma, pale mlangoni kwa dereva.

MamaWawili: Asanteni sana. Mkubwa ana kilo 16, nimnunulie kiti cha mtumba?

Kifungio: Cha mkanda wa pointi tano (mabegani, kiunoni na katikati ya miguu) mpaka kilo 18 kinamtosha kwa sasa. Tafuta lebo ya R44/04 (kanuni ya zamani kabla ya R129) au R129, na tarehe iliyochongwa kwenye plastiki chini. Kama muuzaji hawezi kukuhakikishia kwamba hakijawahi kupata ajali, kiache. Ufa unaweza kujificha chini ya kitambaa.