Eti mkataba haukusema maji ya bafuni yaelekee wapi!

Waungwana, ninaandika nikiwa bado nimekunja suruali hadi magotini. Mkandarasi yule mnayemjua, mwenye kofia ngumu ya njano na pikipiki ya kuazima, amenikabidhi nyumba yangu ya Goba asubuhi hii. Nilimwaga ndoo moja bafuni ili nijiridhishe. Maji yakalitazama tundu, yakalipa kisogo, yakateremka koridoni na kufika sebuleni kabla yangu.

Nilipomwita, alivaa miwani, akalamba kidole, akafunua mkataba wetu wa kurasa mbili na kusema kwa upole wa mtu anayesoma wosia: "Bosi, hapa pameandikwa sakafu ya bafu. Nionyeshe palipoandikwa maji yaelekee wapi."

Alilamba kidole, jamani! Nilinyamaza aliponunulisha nondo mara mbili, na nilinyamaza kwa sementi ambayo ingetosha kuziba Mto Rufiji, lakini kidole kile siwezi kukisamehe. Kumbe nilipaswa pia kuandika kwamba bati likae juu na msingi ukae chini! Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 73, inampa aliyevunjiwa mkataba haki ya kufidiwa hasara iliyotokana na uvunjaji huo. Yeye ananidai malipo ya mwisho, tena akiwa amesimama ndani ya maji hayohayo, akifunua karatasi kwa kidole kilekile.

Mzee wa Linta: Pole sana. Ulizuia kiasi gani cha malipo yake kwa ajili ya kipindi cha matazamio ya kasoro, yaani ule muda baada ya makabidhiano ambao mkandarasi hurekebisha makosa yake?

Mwanzisha uzi: Laki mbili. Aliniambia mama mkwe wake amelazwa.

Mzee wa Linta: Basi fedha zako zilikuwa na mteremko mzuri kuliko bafu lako.

Zege Kavu: Ulihakiki usajili wake katika Bodi ya Usajili wa Makandarasi? Makandarasi wa majengo wana madaraja saba, na huyu kwa maelezo yako naona yuko la nane.

Mwanzisha uzi: Alinionyesha cheti kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Halafu akalamba kidole ili kukuza picha.

Mama Kokoto: Afadhali wewe una maji. Wangu alimwaga zege la ghorofa bila kuacha nafasi ya ngazi, na nilipouliza alijibu kwamba ngazi ni kazi ya ziada, ingawa imo kwenye mchoro alioutia saini mwenyewe, na kazi ya ziada huagizwa kwa maandishi kabla ya kufanywa.

Mzee wa Linta: Mnapandaje sasa?

Mama Kokoto: Kwa ngazi ya mbao, kupitia dirisha la jikoni. Mume wangu amegoma kushuka tangu Jumapili.

Mwanzisha uzi: Waungwana, tulikuwa kwenye bafu langu.

Zege Kavu: Mama Kokoto, chakula mnampandishiaje?