Mjadala: Anayeanza animesheni Kigoma apewe spraiti au apewe penseli?

Mwana Ujiji
Wakuu, heshima kwenu. Vijana wanaotaka kujifunza animesheni hapa Kigoma wanaongezeka, na kila wakikusanyika ubishi ni uleule. Waanze na spraiti, yaani michoro ya mhusika iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine, kila mkao na picha yake, au wachore wenyewe tangu siku ya kwanza?

Mimi nasema spraiti kwanza. Animesheni ni hesabu ya muda kabla haijawa uchoraji. Chukua mwendo wa kawaida: picha 8 zinatosha hatua mbili. Nne za mguu wa kulia (unyayo unagusa chini, mwili unashuka, mguu wa nyuma unapita, mwili unapanda), kisha nne hizohizo za kushoto. Video ikiwa ya fremu 24 kwa sekunde (fremu ni kila picha tuli inayopita kwenye video) na kila picha yako ikakaa fremu 3, hatua mbili zinaisha kwa sekunde moja. Huyo anakwenda sokoni bila presha. Kila picha ikikaa fremu 2, treni inapiga honi stesheni na yeye bado yuko mtaani Mwanga. Ikikaa fremu 5, ana gunia mgongoni. Mwenye spraiti anayaona yote hayo ndani ya nusu saa. Anayechora bado anahangaika na pua.

Penseli HB
Mkuu, hoja ya pua haina mashiko. Zoezi la kwanza la muda halina pua, ni mpira unaodunda. Zungusha penseli kwenye sarafu ya shilingi 200, mpira umepatikana. Kule juu picha zibanane, zikikaribia ardhi ziachane, na kila mdundo uwe mfupi kuliko uliotangulia. Nafasi zikilingana juu mpaka chini, mpira unaonekana unashushwa kwa kamba. Kosa hilo linajifunza kwa mkono. Kwenye spraiti kuna mtu alishalisahihisha, na mwanafunzi hatajua hata kama lilikuwepo.

Na hiyo nusu saa yako inaishia kwenye kuteleza. Spraiti nyingi hutembea palepale bila kusonga, kazi ya kuisogeza mbele ni yako. Tuseme hatua moja ya mhusika ina urefu wa pikseli 48 (pikseli ni nukta ndogo za skrini) na inachukua fremu 12: hiyo ni pikseli 4 kwa fremu. Ukimsogeza 6, unyayo uliokanyaga chini unaserereka kama yuko kwenye tope. Hata ukimsogeza 4 kila fremu bado kuna mtego: picha imekaa fremu 3 bila kubadilika huku mwili unaendelea kwenda, kwa hiyo mguu unateleza kidogo, unarudi, unateleza. Dawa ni kumsogeza pikseli 12 kwa mkupuo, pale tu picha inapobadilika.

Mwana Ujiji
Asante kwa kunitetea. Hilo somo la pikseli 12 umelitoa kwenye spraiti, si kwenye sarafu.

Isevya, Tabora
Kabla hamjaendelea, hizo spraiti mnazitoa wapi? Nyingi zinazozunguka kwenye simu za vijana zimechomolewa kwenye magemu. Kupakua bure si ruhusa ya kutumia. Mwenyewe yupo, na video ikianza kuleta hela ndipo atakapojitokeza. Soma leseni, yaani masharti ya kutumia; zenye herufi CC ni za Creative Commons. CC0 maana yake tumia utakavyo. CC BY, lazima umtaje aliyechora. Ukiona NC, usiitie kwenye kazi ya kulipwa, hata tangazo la duka. Ukiona SA, ulichobadilisha nacho unakiachia kwa masharti yaleyale. Faili la leseni likae folda moja na picha, maana baada ya miezi sita hakuna anayekumbuka ipi ilitoka wapi.

Ulichochora mwenyewe kinalindwa tangu kilipochorwa, kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Mimi kwa sababu hiyo moja tu niko upande wa penseli, mengine mtajuana.

Dada wa Kibirizi
Ndugu zangu, mnabishania hesabu, mimi nauliza hizo spraiti ni za nani. Fungua pakiti yoyote ya spraiti: askari mwenye upanga, zimwi, mtoto wa Kizungu mwenye kofia. Yuko wapi mvuvi wa dagaa na taa zake usiku usio na mbalamwezi? Yuko wapi mama anayetoka Mwandiga na ndoo ya mawese kichwani?

Msiniambie tubandike ndoo juu ya spraiti. Ndiyo kazi inayoharibika kuliko zote. Mwendo wa pakiti unampandisha na kumshusha kichwa kila hatua, na ndoo ikifuata inaruka kama mpira wa huyo kaka wa sarafu. Mtu aliyebeba kichwani hatembei hivyo. Kichwa kinakwenda karibu mstari mmoja, shingo imesimama, hatua ni fupi; kupanda na kushuka kunamezwa na magoti na kiuno. Kama mwili wa kawaida ungepanda pikseli 8, kichwani ziache 1 au 2 tu, lakini nyonga zicheze zaidi. Hiyo hairekebishwi kwa kusogeza picha. Inabidi uchore miguu upya, kwenye picha zote 8.

Kitenge nacho. Ukichora maua yake upya kila fremu, nguo inachemka kama uji. Anayeanza aweke mistari miwili ya pindo, maua ayaache.

Fundi Vipande
Dada kamaliza, ila njia ya tatu mmeiruka. Mchoro wako, lakini uuchore mara moja tu, kwa vipande, kisha uvizungushe kwenye viungo. Mtu mzima ni vipande 15: kichwa, kiwiliwili, nyonga, halafu viwili viwili vya mkono wa juu, mkono wa chini, kiganja, paja, muundi na unyayo. Kila kipande na leya (tabaka) yake, hifadhi kwa PNG; JPEG haibebi uwazi, utapata mtu mwenye boksi jeupe kila kiungo.

Wengi huharibu kwenye kiwiko na goti. Wanakata kipande kimenyooka mwishoni kama kimepigwa panga, mkono ukikunjwa pengo linafunguka. Mwisho wa kila kipande uwe duara, maduara mawili ya kiungo kimoja yalingane upana na yalaliane, na kitovu cha mzunguko kiwe katikati ya duara. Mstari mweusi wa pembeni usifunge duara lote, uache wazi upande wa kiungo, la sivyo kila kiwiko kitakuwa na pete.

Midomo ndiyo raha ya Kiswahili. Michoro ya midomo ya kwenye pakiti nyingi imepangwa kwa Kiingereza. Sisi karibu kila silabi inaishia na irabu, kwa hiyo a, e, i, o, u, mdomo uliofumba wa m, b na p, na meno juu ya mdomo wa chini kwa f na v: midomo 7, katuni inaongea. Badilisha mdomo fremu 1 au 2 kabla ya sauti. Ukichelewa, inaonekana kama filamu iliyotafsiriwa vibaya.

Mwana Ujiji
Vipande 15 vinataka kompyuta au simu nzuri. Karatasi je? Picha 12 kwa sekunde, rimu ya karatasi 500 inakupa sekunde 41 na ushee. Nani atanunua?

Penseli HB
Mwendo ni karatasi 8 zinazorudiwa, mkuu, si 500. Toboa karatasi kwa mashine ya ofisini, ya matundu mawili, pigilia boliti mbili kwenye ubao zikiachana sentimita 8. Tundu lina milimita 6. Ukiweka boliti ya 5, karatasi inacheza na katuni nzima inatetemeka. Chini weka kioo na taa ili uone mchoro wa karatasi iliyotangulia, umeme ukikatika kiegemeze dirishani. Wakati wa kupiga picha simu isimame palepale, fokasi na mwanga vifungwe visijibadilishe, vinginevyo wingu likipita video inawakawaka.

Mwana Ujiji
Kwenye ndoo dada amenishika, sina jibu. Mpira wa sarafu nao naupokea, uwe wiki ya kwanza. Lakini wiki ya pili mwanafunzi wangu anapewa spraiti ya CC0 na rula, anatafuta unyayo unateleza wapi. Mama wa Mwandiga atamchora akishajua pikseli 12 zinatoka wapi.

Dada wa Kibirizi
Na wangu atamchora wiki hiyohiyo ya pili, kwa vipande 15. Hata akitoka mama mwenye mikono mirefu, ndoo haitaruka.