D ya hesabu na uongo wanaouziwa watoto wa kidato cha nne hapa Nairobi

Wadau, leo sina salamu ndefu. Nimekasirika.

Mpwa wangu alifanya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari hapa Kenya, katika shule moja ya kutwa huku Eastlands. Kiingereza A-, Kiswahili A-, dini A-, historia B+, biolojia C+, biashara C, kemia D+. Hesabu D. Gredi ya jumla B-. Mama yake alipiga vigelegele mpaka majirani wakachungulia dirishani. Msichana mwenyewe alikuwa amejikunyata kwenye kochi akiangalia ile D peke yake. Tangu kidato cha pili wimbo wake ni mmoja, sheria.

Akaenda shuleni kutafuta mwongozo. Mwalimu wa ushauri wa taaluma (mnajua huwa anachaguliwaje, ni yule ambaye ratiba yake ina nafasi) akaangalia karatasi, akatikisa kichwa, akamwambia: "Na D ya hesabu, chuo kikuu sahau. Tafuta kozi ya cheti mahali ama urudie kidato cha tatu." Basi. Hakufungua tovuti, hakumuuliza mtoto anataka kusomea nini. Miaka minne ya karo na ushauri wote ukaisha hapo.

Mwoga huuzwa bei rahisi, na dadangu siku hiyo alikuwa ameshikwa na woga. Alipoanza kuuliza uliza mjini, chuo kimoja cha ghorofani, hapo katikati ya jiji juu ya maduka ya simu, kikampokea kwa chai. Wakamwambia kuna "kozi ya daraja" (bridging) ya hesabu ya miezi mitatu, halafu ile D "itahesabiwa kama C" na binti ataingia chuo kikuu chochote. Ada ya usajili ikatumwa kwa M-Pesa siku hiyo hiyo. Mimi nikaja kuambiwa pesa zikiwa zimeshaenda.

Sasa tulieni niwaeleze, maana huenda kuna mzazi humu anaelekea kupigwa vilevile.

Cheti cha KCSE hutolewa na KNEC, baraza la mitihani. Hakuna chuo cha ghorofani kinachoweza kukigusa. KUCCPS, wale wa serikali wanaopanga wanafunzi vyuoni, wanatumia gredi za KCSE zilivyo. Ukifanya kozi ya miezi mitatu, D yako bado ni D. Anayekwambia vingine anakuibia, nukta.

Pili, kiwango cha chini cha kuingia shahada ni gredi ya jumla C+. Huyu mtoto ana B-, amekipita. Tangu mtihani wa 2023 gredi ya jumla inatokana na masomo saba: hesabu, lugha moja, na mengine matano aliyofanya vizuri zaidi. Kwa hiyo D yake imeshaingizwa humo. Jumlisheni wenyewe (A ni pointi 12, kila gredi chini yake inapungua moja hadi E ambayo ni 1): hesabu 3, Kiingereza 11, Kiswahili 11, dini 11, historia 10, biolojia 7, biashara 6. Jumla 59. Kemia ikaachwa nje. Pointi moja tu zaidi angekuwa na B. Yaani hesabu imeshamwadhibu mara moja, halafu anatokea mtu mzima mwenye mshahara kumwadhibu mara ya pili kwa mdomo.

Kisha kuna klasta. Kila kozi ina masomo yake manne, na hapo ndipo hesabu inaweza kukufungia mlango au isikuhusu kabisa. Sheria wanataka Kiingereza au Kiswahili, na cha chini ni B. Halafu wanataka hesabu AU somo lolote la sayansi. Someni hiyo "au" tena. Halafu somo la kundi la historia na dini, na la nne la kuongezea. Mpwa wangu anaweka Kiingereza 11, biolojia 7, dini 11, historia 10. Ni 39 kati ya 48, na hesabu haijaguswa!

Nikakaa na kikokotoo. Kwa ile kanuni ambayo wanafunzi wenyewe hutumia kukadiria (pointi za masomo manne kugawa 48, mara jumla ya pointi gawa 84, tafuta kipeuo cha pili (square root), zidisha kwa 48) anapata kama 36.3. Nikajiuliza, je, angepata C+ ya hesabu? Ingekuwa kama 37.5. KUCCPS wana hesabu zao zenye usahihi zaidi, lakini picha ni hiyo. Hiyo D iliyomkosesha usingizi, iliyofanya mama yake atoe pesa za kodi ya nyumba, imemgharimu pointi moja na kitu kidogo kwenye kozi anayoitaka. Inaweza kumkosesha sheria katika vyuo vyenye ushindani mkali, sikatai. Hapo utaweka chaguo la chini kidogo. Lakini "chuo kikuu sahau"? Kwa ushahidi upi?

Na sisemi hesabu haina maana. Mtoto anayetaka uhandisi, takwimu, uhasibu, sayansi ya kompyuta, akiwa na D aambiwe ukweli mapema. Uuguzi wa shahada unataka C+ ya biolojia na kemia, na C+ nyingine katika hesabu au fizikia, kwa hiyo hata pale mwenye fizikia nzuri ana njia. Ualimu wa masomo ya sanaa unaangalia C+ katika yale masomo mawili utakayofundisha. Kila kozi na masharti yake, na yote yameandikwa kwenye tovuti ya KUCCPS. Ni bando la shilingi ishirini kuyasoma. Kinachoniuma ni kwamba yule mwalimu alikuwa na simu mkononi wakati wote anaongea.

Kuna kijana wa jirani pia, hapa kwenye ploti yetu. Yeye alipata E ya hesabu na jumla yake ikaangukia C. Huyo kweli shahada hawezi kuingia moja kwa moja. Lakini C- inatosha kwa diploma, na akimaliza diploma yenye kutambuliwa anaweza kuombea shahada kupitia hiyo. Kabete Polytechnic iko hapa, Technical University of Kenya iko hapa mjini, na huko unaomba kupitia KUCCPS bila kupitishwa kwenye ofisi ya mtu yeyote mwenye tai kubwa. Naye, mnajua alishauriwa nini? Ile ile "kozi ya daraja". Inaonekana ndiyo dawa ya kila ugonjwa.

Hata kurudia, kama mtu ameamua, kuna utaratibu. 2025 KNEC walifanya KCSE ya Julai kwa watahiniwa wa kurudia na watu wazima. Kumrudisha msichana wa miaka kumi na tisa avae sketi ya kidato cha tatu kwa ajili ya somo moja ambalo kozi yake haiulizi ni ukatili.

Halafu serikali nayo. Watoto wa CBE, mtaala mpya, walioingia Gredi ya 10 mwaka 2026 wamepewa hesabu za aina mbili, moja nzito ya wanaoelekea sayansi na nyingine nyepesi kwa wengine. Vizuri sana. Kwa hiyo mlijua! Mlijua kwamba mwanahistoria hahitaji kubanwa kwa kipimo kimoja na mhandisi. Hata kwenye KCSE kuna somo namba 121 na namba 122, hesabu A na hesabu B, na zote mbili zinakubaliwa kwenye klasta kadhaa. Ulizeni shule ya mtoto wako kama 122 iliwahi kutajwa darasani. Wanaofanya 8-4-4, mfumo wa zamani, watakuwepo hadi KCSE ya 2027, na hawa wa mwisho wameachwa wajitafutie.

Tumeshajaza machaguo, sheria ikiwa juu, chini yake sayansi ya siasa na uanahabari. Chuo cha ghorofani kinasema ada "hairudishwi", na risiti waliyotoa haina hata muhuri. Mwenye kujua njia ya kuwabana warudishe pesa ya dadangu, hata kama ni kupitia mahakama ya madai madogo, anielekeze hapa hapa hadharani. Na nyinyi madalali wa vyuo ambao najua mtaniandikia faraghani na ofa zenu, namba zenu nitazibandika kwenye uzi huu.