Simu mpya ya Bibi: nyimbo zipigwe na programu gani?

*Kikundi cha familia, Kibosho – Moshi – Arusha – Dar*

Mama Mkubwa: Tumsifu Yesu Kristo familia. Simu ya Bibi imefika salama, dereva wa Hiace kaileta mpaka njiapanda. Bibi anawashukuru wote mliochanga. Sasa anauliza jambo moja tu: nyimbo zake ziko wapi? Kwenye kitochi alikuwa anabonyeza tu zinaimba.

Neema: Milele amina. Shikamoo Mama Mkubwa. Nyimbo ziko kwenye memori kadi ya kile kitochi. Itoe uiweke kwenye hii mpya.

Mama Mkubwa: Marahaba mwanangu. Nimeshaitoa na nimeiweka. Simu imeleta maandishi, inataka nichague kadi itumike kama hifadhi ya kubebeka au kama hifadhi ya ndani ya simu. Nibonyeze ipi?

Elia: Shikamoo Mama Mkubwa. USIBONYEZE CHOCHOTE.

Elia: Hiyo ya ndani usiiguse kabisa. Ukiichagua, simu inaifomati kadi, yaani inafuta kila kilichomo, halafu inaifunga isomeke kwenye simu hiyo peke yake. Nyimbo zote za Bibi zinakwenda na maji. Chagua ya kubebeka. Hiyo haifuti kitu.

Mama Mkubwa: Marahaba. Yesu na Maria. Nilikuwa nimeshaweka kidole. Nimechagua ya kubebeka.

Elia: Asante sana Mama Mkubwa. Simu za Android zina jambo hili tangu mwaka 2015, ingawa si zote zinauliza. Hapa Arusha naletewa kadi za watu wanalia: picha za harusi, sauti ya marehemu baba, vyote vimefutwa kwa kubonyeza tu. Sipendi kabisa kuona hivyo ndiyo maana nimeandika kwa herufi kubwa. Samahani kama nimekushtua.

Baba Mdogo: Umefanya vizuri Elia mwanangu.

Mama Mkubwa: Sasa nyimbo naziona, lakini zimevurugika. Zimeandikwa Track 01, Track 01, Track 01, zimepangana nyingi tu. Halafu Track 02 nazo hivyo hivyo. Msanii hajulikani. Bibi anataka zile za Pasaka, inapiga moja ya Pasaka, inayofuata ya Krismasi, inayofuata mahubiri ya padre.

Kelvin: Shikamooni wakubwa wote. Mama Mkubwa, kwa nini tusimwekee Bibi Boomplay au Spotify, zile programu za kusikiliza muziki kwa intaneti? Kwaya zipo nyingi humo, anatafuta jina tu. Spotify iko Tanzania tangu 2021. Hahitaji tena habari za kadi.

Shangazi: Marahaba Kelvin. Na bando utamnunulia wewe?

Kelvin: Nitachangia Shangazi.

Elia: Kelvin mdogo wangu, zile programu ni nzuri, hata mimi ninayo moja. Ila tumwangalie Bibi mwenyewe. Muziki wa kawaida wa kilobiti 128 kwa sekunde unakula karibu MB 1 kwa dakika, saa moja inakaribia MB 58. Bibi anasikiliza tangu anakamua ng'ombe asubuhi mpaka usiku. Na kule juu mtandao unajulikana, ukiingia migombani unakata.

Kelvin: Unaweza kushusha ukasikiliza bila mtandao.

Elia: Unaweza, lakini Spotify inataka ulipie kwa mwezi ndiyo ukubaliwe kushusha nyimbo. Na ukishashusha haziwi faili zako, zinaimba ndani ya programu hiyo tu. Malipo yakikatika zinafungwa. Hata ukiwa umelipa, angalau mara moja kila siku 30 lazima uingie mtandaoni.

Neema: Na nyimbo za Bibi hazimo humo. Zile ni kwaya ya kigango chake mwenyewe, zilirekodiwa kwa kaseti enzi hizo yeye akiimba sauti ya pili. Nani ameziweka Spotify?

Kelvin: Hapo sina la kusema. Kweli hazimo.

Baba Mdogo: Basi tafuteni programu ya kupiga faili za kwenye kadi, na kama ni ya kulipia nalipa mimi. Kuna moja ofisini wanaisifia, Poweramp. Unaijaribu kwanza halafu unalipia.

Mama Mkubwa: Kabla ya kulipia niwaambie. Kijana wa jirani alikuja jana jioni akashusha moja, sikumbuki jina, ina alama ya noti ya muziki. Kila Bibi akigusa wimbo, kwanza linakuja tangazo limejaa kioo kizima, la kubeti. Bibi akadhani simu imeharibika akaizima. Mpaka sasa anaogopa kuishika.

Shangazi: Jamani. Mtu mzima anataka wimbo wa komunyo analetewa kubeti!

Elia: Itoeni hiyo leo leo. Mama Mkubwa, ibonyeze alama yake kwa muda bila kuachia, utaona neno la kuiondoa. Lakini kabla hujaiondoa, naomba uangalie kitu: nenda kwenye mipangilio, sehemu ya programu, iguse hiyo, kisha ruhusa. Imeruhusiwa vitu gani?

Mama Mkubwa: Subiri nivae miwani.

Mama Mkubwa: Muziki na sauti. Anwani za watu. Mahali ulipo. Simu.

Neema: Anwani za watu za nini kwenye programu ya muziki?

Elia: Ndiyo swali lenyewe Dada Neema. Kipiga muziki cha nyimbo za kwenye kadi kinahitaji kusoma faili za sauti, basi. Simu mpya za Android tangu toleo la 13 zimetenga kabisa ruhusa ya muziki na ile ya picha, kwa hiyo hakihitaji hata kuona picha zako. Kikiomba majina ya watu na mahali ulipo, kinatafuta biashara nyingine. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kukitupa, hata kama kinapiga vizuri namna gani.

Mama Mkubwa: Nimeshaitoa.

Elia: Sasa nyimbo kuvurugika. Kila faili ya MP3 ina nafasi ya maandishi yaliyofichwa ndani yake: jina la wimbo, msanii, albamu. Programu nyingi zinapanga nyimbo kwa kusoma hayo, jina la faili au folda haziangalii. Aliyehamisha zile kaseti na sidii kwenye kompyuta hakuyajaza, ndiyo maana zote ni Track 01 na msanii hajulikani. Lakini folda alizipanga vizuri sana. Mimi niliiona ile kadi: PASAKA, KRISMASI, BIKIRA MARIA, MAZISHI, KWAYA YETU. Kitochi kilikuwa kinafungua kwa folda, ndiyo maana Bibi hakupata shida.

Elia: Kwa hiyo tusitafute programu yenye rangi nzuri. Tunataka yenye kufungua kwa folda, isiyo na matangazo, inayofanya kazi bila intaneti. Poweramp inafungua kwa folda Baba Mdogo, na ni nzuri kweli kwa mtu anayependa kupanga besi na sauti. Ila kwa Bibi zipo za bure zinazomtosha, hela hiyo tuitunze.

Neema: VLC. Mimi natumia VLC miaka yote, ile yenye koni ya barabarani. Haina tangazo hata moja.

Elia: VLC naikubali kabisa. Ilianza mwaka 1996 kama kazi ya wanafunzi wa chuo kimoja Paris, na mpaka leo ni ya bure na msimbo wake uko wazi, mtu yeyote anaweza kuukagua. Inapiga karibu kila aina ya faili. Ina folda, ina kipima muda cha kuzima muziki mtu akilala. Tatizo langu ni kwamba ukiifungua inakuletea video kwanza, na Bibi video hatazami.

Mama Mkubwa: Hatazami. Anasema macho yanamuuma.

Elia: Basi mimi napendekeza Musicolet. Ni ndogo, ya nyimbo tu, ina ukurasa wa folda. Kinachonifurahisha zaidi ni kwamba haina ruhusa ya intaneti kabisa. Si kwamba imezimwa, haikuombwa. Programu isiyo na njia ya kwenda mtandaoni haiwezi kukuletea tangazo wala kupeleka majina ya watu wako popote. Yapo mambo ya ziada ya kulipia, Bibi hayahitaji.

Baba Mdogo: Hilo la intaneti limenigusa. Ikawekwe hiyo.

Kelvin: Nimeangalia Play Store sasa hivi Kaka Elia. Ni ile ya Krosbits?

Elia: Hiyo hiyo. Mama Mkubwa, ukitafuta hakikisha chini ya jina imeandikwa Krosbits. Majina yanayofanana ni mengi humo. Na VLC ya kweli imeandikwa Videolabs.

*(baada ya muda)*

Mama Mkubwa: Imeingia. Imeomba muziki na sauti tu. Nimegusa folda. Naona PASAKA, naona KWAYA YETU!

Mama Mkubwa: [ujumbe wa sauti]

Baba Mdogo: Niko kikaoni, nani aniandikie Bibi amesema nini?

Neema: Bibi anasema tumebarikiwa. Anasema KWAYA YETU imefunguka ila sauti ina "shhhh" kubwa kuliko kwenye kitochi, na maneno ya ubeti wa pili hayasikiki. Halafu anauliza mbona akiweka simu mfukoni wimbo unaisha njiani.

Elia: Mwambieni Bibi shikamoo. Tuanze na la pili. Simu nyingi za sasa zinabana programu ili betri isiishe, kioo kikizimika zinaiua. Mama Mkubwa, mipangilio, programu, Musicolet, betri. Chagua isizuiwe. Kama kuna kiokoa betri juu kwenye alama, kizime.

Mama Mkubwa: Nimeweka isizuiwe. Nitakwambia.

Elia: La mchakacho, huo ni wa kaseti yenyewe. Kitochi kilikuwa na spika ndogo isiyotoa sauti nyembamba vizuri, kwa hiyo ulifichika. Ndani ya Musicolet kuna ikwalaiza, yaani sehemu ya kupanga sauti, ina vitelezi vimepangana toka kushoto kwenda kulia. Vya kushoto ni besi, vya kulia ni sauti nyembamba. Shusha vile vya mwisho kulia kidogo kidogo mpaka ule upepo upungue, halafu pandisha kidogo tu vya katikati, ndiko sauti za watu zinakokaa. Usizidishe, ukishusha sana herufi s na sh zinapotea na maneno hayasikiki tena. Mkae na Bibi, yeye ndiye anajua wimbo unatakiwa usikike vipi.

Shangazi: Mimi nilifikiri ile ni ya vijana wa sabufa.

Elia: Kwa kaseti za zamani ndiko inakosaidia hasa Shangazi.

*(jioni)*

Mama Mkubwa: Nimeweka simu mfukoni nimekwenda mpaka mfereji na kurudi, haikukata. Na sauti Bibi ameipanga mwenyewe, alinishika mkono akisema hapo hapo, usiguse tena. Sasa anawataja waliokuwa wanaimba, mmoja mmoja. Anasema sauti ya kwanza ni ya dada yake.

Neema: Bibi mkubwa yule aliyefariki?

Mama Mkubwa: Huyo huyo. Sikujua kama sauti yake ipo.

Baba Mdogo: Jamani. Mimi sijawahi kumsikia akiimba.

Elia: Sasa naomba mnisikilize wote. Hiyo kadi ni moja tu duniani. Memori kadi hazitoi taarifa, leo inasoma, kesho simu inasema imeharibika. Lazima inakiliwe mara moja, na nakala zikae sehemu mbili tofauti. Kadi ni ya GB 8. Wimbo wa dakika nne ni karibu MB 4, kwa hiyo hata ikiwa imejaa kabisa inaingia kwenye flashi moja ya kawaida.

Kelvin: Jumamosi sina kipindi. Napanda Kibosho na kompyuta yangu asubuhi.

Elia: Vizuri sana. Nakili folda nzima kama zilivyo, usibadilishe majina. Ukimaliza fungua nyimbo chache kutoka kwenye nakala usikilize mpaka mwisho, si mwanzo tu. Kisha ukipata nafasi, kaa na Bibi mjaze majina kwenye KWAYA YETU: wimbo, mwaka kama anaukumbuka, nani anaongoza. Musicolet inaruhusu kuyaandika palepale kwenye simu, ila fanya kwenye nakala kwanza.

Kelvin: Sawa kaka. Nitayaandika na kwenye daftari.

Baba Mdogo: Nakutumia hela ya flashi mbili na nauli. Nunua dukani, usinunue za kutembeza pale stendi. Moja ibaki kwa Mama Mkubwa, moja mpelekee Elia Arusha.

Shangazi: Na mimi ninunulie ya tatu, nakurudishia. Elia, kwangu nina video za ubatizo na za harusi ya Neema zilizotoka kwenye DVD, simu inakataa kuzifungua. Niweke hiyo hiyo Musicolet?

Elia: Hapana Shangazi, wewe weka VLC. Musicolet haipigi video. Ukiifungua, nenda sehemu ya kuvinjari, chagua kadi, utaona folda zako.

Shangazi: Naiona yenye koni. Chini imeandikwa Videolabs.

Elia: Ndiyo yenyewe, shusha.