Kichujio kinaficha dagaa, vingine vyote vinaonekana

kijana_wa_mwanga
Wakuu, salaam kutoka Kigoma. Nina ukurasa wa kutumiana meseji nilioutengeneza kwa JavaScript tupu, unafunguka kwenye brauza ya simu bila kupakua chochote. Nilimtengenezea shangazi, anakausha dagaa pale Kibirizi, yeye na wenzake kumi na kitu. Meseji zinapita kwa MQTT (utaratibu wa kusambaza meseji kupitia seva) juu ya websoketi, yaani njia inayobaki wazi kati ya brauza na seva. Mbalamwezi ikiwaka hakuna shida, wavuvi wamelala na kundi limenyamaza. Giza likirudi ndiyo balaa: kuanzia saa kumi na moja alfajiri huyu ana dagaa, yule ana migebuka, mwingine anatafuta chenji, mwingine anatangaza msiba. Shangazi anataka dagaa tu. Kaniambia, "Niwekee chujio kama la chai."

Nikaweka kisanduku cha kuandika neno, halafu hivi:

mesejiZote.filter(m => m.maandishi.toLowerCase().indexOf(neno))

Neno lenyewe nimeshalishusha kuwa herufi ndogo. Sasa maajabu: akiandika "dagaa", meseji kama "Dagaa wapo, njooni na ndoo" inapotea, ila msiba unaonekana! Akifuta neno, ukurasa mzima unabaki mweupe. Halafu meseji mpya ikiingia inajichomeka tu juu, kichujio haikijali. Nimekesha siku mbili. Natanguliza shukrani.

mzee_wa_nukta_mkato
Kijana, indexOf haijibu ndiyo au hapana. Inakwambia neno limeanzia nafasi ya ngapi, na hesabu inaanzia 0. Lisipokuwepo inarudisha -1. Kwa JavaScript 0 ni hapana, -1 ni ndiyo. Kwa hiyo meseji inayoanza na "dagaa" imepata 0, ikatupwa. Msiba umepata -1, ukapita. Na neno tupu huhesabiwa limepatikana nafasi ya 0 kwenye kila meseji, ndiyo huo weupe wako. Weka includes badala yake. Herufi nane, kalale.

Hilo la pili, nahisi meseji ikifika unaichora moja kwa moja kwenye skrini. Acha. Iingize kwenye mesejiZote kwanza, halafu fanksheni moja tu, tuiite chora(), isome orodha, ichuje, ionyeshe. Akigusa kisanduku, chora(). Meseji ikiingia, chora(). Na tumia textContent, inayoonyesha maandishi kama yalivyo, achana na innerHTML, inayoyasoma kama HTML, maana siku moja mtu atabandika kipande cha msimbo badala ya bei na kitaendeshwa ndani ya simu ya shangazi yako.

kijana_wa_mwanga
Aisee mzee, includes imekubali, na chora() pia. Ila limezuka jingine. Jirani yake shangazi anauza kuhe. Akiandika "kuhe" analetewa na "naomba kuhesabiwa hela yangu". Na wa migebuka akiandika "mgebuka" hapati hata moja, watu wote wanaandika "migebuka".

dada_wa_seva
Hiyo ndiyo lugha yetu, neno linabadilika kichwani. Kwa mgebuka tafuta "gebuka". Kwa kuhe taka neno zima, /\bkuhe\b/ inatosha. Lakini mimi ningeondoa kisanduku kabisa. Weka vitufe vya samaki, kila kitufe na kanuni yake. Mtu mwenye magamba mkononi saa kumi na moja alfajiri umwambie aandike?

Swali langu kwako: umejiunga na mada ipi ya MQTT, yaani jina la njia ambayo meseji hutumwa? Kama ni # basi simu inapokea kila kitu kisha inaficha. Bando limeshaliwa! Mtumaji achague samaki wakati wa kutuma, meseji iende kibirizi/dagaa au katonga/dagaa. Shangazi ajiunge na +/dagaa, hapo atapata dagaa wa mialo yote na seva haitamtumia kingine. Angalia tu herufi: kibirizi/Dagaa na kibirizi/dagaa kwa MQTT ni mada mbili tofauti, na hutaona kosa lolote likitajwa. Mimi liliwahi kunila Jumamosi nzima.

mzee_wa_nukta_mkato
Na msiba uwe na mada yake, kila mtu ajiunge nayo asitake asijue. Huwezi kumchujia mtu msiba.

kijana_wa_mwanga
Mrejesho. Vitufe vimekaa, mtumaji asipochagua samaki kitufe cha kutuma hakibonyezeki. Shangazi yuko +/dagaa na +/msiba. Leo alfajiri kapata meseji saba, zote za dagaa. Kanipigia kabla hata sijanawa uso: "Mbona kimya, mbalamwezi imerudi?"